Mama Yangu na Wafalme wa Wasinhala

Mama yangu hakuwahi kumheshimu sana mtu asiye na mfalme. Alizaliwa Bukavu, wazazi wake wakimbizi kutoka Rwanda, na kwa kuwa baba yake hakuwa na shamba wala ng'ombe wa kumrithisha, alimrithisha wafalme: yule aliyeacha nyayo zake mwambani, yule aliyeiamuru mvua ikatii. Tuliporudi upande huu wa Rwanda tukapata shamba la mpunga bondeni Muganza, alikuja nao wote kichwani. Ole wake mgeni aliyedhani enzi zilianzia kwao.

Basi fikiria alivyofurahi tulipopata mpangaji Msinhala kutoka Sri Lanka. Alikuwa fundi wa mitambo, ameletwa kwenye kiwanda cha simenti kwa miezi michache, akapanga chumba chetu cha uani. Kiswahili chake alikiokota Tanzania kwenye kazi nyingine. Kilikuwa na mashimo, lakini kilisonga. Jioni ya kwanza mama alimpa wali na samaki, akamwacha ale kwa mkono, jambo lililompendeza sana, kisha akauliza lake.

"Papa, kule kwenu muko na mufalme?"

"Walikuwepo, Maman. Wengi sana. Wa kwanza alikuwa mjukuu wa simba."

Mama akanitazama. "Simba. Sawa," akasema, akamwongezea samaki.

Toka siku hiyo meza yetu ikawa baraza la falme mbili. Yeye akitoa mfalme mmoja, mama naye anatoa wake. Mimi hushinda nikiuza nyanya Bukavu na kurudi hoi kutoka mpakani, lakini kwa wafalme wale usingizi ulinikimbia. Wetu walipigana wakashinda. Wa kwake walichimba mabwawa, na sijui kwa nini jambo hilo lilinigusa zaidi. Alitusimulia mfalme aliyevaa matambara akaenda kuvuna mpunga wa watu kwa ujira, ili sadaka atakayotoa itoke kwenye jasho lake, si la raia. Mama alikataa katakata.

"Mufalme anavuna mupunga ya bantu? Ule ni mufalme ao ni kibarua? Papa, hapo unanidanganya."

"Hata mimi sikuwepo, Maman," akajibu, tukacheka wote.

Lakini yupo mmoja aliyemnyamazisha. Mfalme huyo alijenga bwawa kubwa mithili ya ziwa. Mwanawe akamnyang'anya kiti, akamfunga, akataka aonyeshwe hazina ilikofichwa. Mzee akaomba apelekwe bwawani. Akaingia, akaoga, akachota maji kwa viganja viwili, akasema: hii ndiyo mali yangu yote. Mwana akaghadhibika, akaamuru auawe. Jioni ile mama hakutoa mfalme wake.

Msimu uliofuata mvua ilichelewa. Miche ilikuwa tayari kitaluni, inangoja kupandikizwa, na maji ya mfereji yakashuka hadi kwenye vifundo vya miguu. Mkutano wa wakulima ukaamua kwamba maji yatatosha mashamba ya juu tu. Wa chini wasubiri mvua. Shamba letu liko juu, karibu kabisa na mlango wa maji, nami nilimshukuru Mungu kwa sauti, maana mpunga ule ndio chakula chetu. Chini kabisa lilikuwa shamba la mjane mmoja aliyekua mtaa mmoja na mama kule Bukavu. Walikuwa hawasalimiani tangu mbuzi wake alipokula miche yetu, na mjane huyo akamwita mama mchoyo mbele ya watu.

Jioni hiyo mama akamuuliza mpangaji kwao hufanyaje mfereji ukikauka. Alijibu huku anapuliza chai, hajui anachokiwasha. Kwao, alisema, tangu enzi za wafalme, bwawa likipungua mashamba ya chini hupumzishwa. Ya juu hukatwa vipande, kila familia ikapewa kipande, na mwenye shamba naye akabaki na kipande chake tu. Mvua zikirudi, kila mtu hurudi kwake.

"Na mwenye shamba hakatai?"

"Siku hizi wengine wanakataa. Zamani mfalme akisema, imekwisha."

"Hapa mufalme haiko."

"Hapana, Maman. Hapa hayupo."

Asubuhi nilimkuta mama shambani na kamba na vijiti, anakata shamba letu vipande vinne. Nilipandwa na hasira.

"Maman, tutakula nini? Tutakula wafalme?"

"Na batoto ya ule mama, bo batakula nini?"

"Ule mama alikutukana!"

"Alitukana miye. Hakutukana mupunga."

Mjane alipopelekewa habari akaja na miche yake kichwani, akasimama kwenye tuta kama mtu anayeogopa mtego. Mama hakuinua hata uso.

"Ingia," akamwambia. "Lakini mbuzi yako ibakie nyumbani."

Wengine wawili wa chini walikuja nyuma yake. Majirani wa juu walicheka sana. Mmoja baadaye alikata lake pia. Waliobaki hawakukata, na sitasema uongo kwamba walijifunza kitu. Sisi tulipanda robo, tukajua mapema kwamba mwaka huo tutakula viazi vitamu hadi vitukome.

Mkataba wa mpangaji uliisha wakati wa palizi. Alikuja kutuaga shambani, begi mkononi, pikipiki inamsubiri barabarani. Mama akatoka majini, tope hadi magotini, akasimama juu ya tuta. Fundi akaweka begi chini. Siku moja mezani alikuwa ametuonyesha watu walivyowasalimu wafalme wao, nami nilicheka. Sasa alipiga magoti na suruali yake safi, akaunganisha viganja, akainama mpaka paji la uso likagusa miguu ya mama.

"Papa, simama! Miguu yangu iko na matope!"

Alisimama, tope kwenye paji la uso, wala hakulifuta. Akapanda pikipiki hivyo hivyo.

Mjane alikuwa ameacha kupalilia. "Kwani kwake weye ni nani?" akamuuliza mama.

Nilijua jibu, lakini niliinama nikaendelea kupalilia. Mama alishaingia tena majini.

"Tulime," akasema. "Maji ingali iko."