Viatu vya Marehemu

Kila Jumatatu mwandishi wa michezo ya kuigiza huingia katika duka la Zulaika la fotokopi, hapa Koboko, daftari kwapani. Hakai. Husimama nyuma ya Zulaika anayechapa, akiyasema maneno ya wahusika kwa sauti, na sentensi ikimkwama kooni huikata papo hapo, hata kama jana aliisifu.

Jumatatu hii mjane wa askari kutoka Lobule aliegesha baiskeli mlangoni, mkononi ameshika mchezo wa mwezi jana, ule wa mjane anayegawa viatu vya marehemu mumewe siku ya tatu ya matanga. Zulaika alijua kisa kilikuwa cha mama huyu, na kwamba hakuombwa ruhusa. Vidole vya mwandishi vikawa vinafungua na kufunga kalamu.

"Mzee, umekosea," mama akasema. "Hii viatu mimi nilipiga rangi kila siku mpaka arobaini, ndiyo nikatoa. Andika tena vizuri. Kule Lobule watu iko nasubiri kusoma."

Mwandishi akashusha pumzi ndefu, akafungua daftari ukurasa mpya. Kisha, kwa mara ya kwanza, Zulaika akamwona akivuta kiti na kuketi.