Namba Tisa wa Kasekese

Nilipoacha shule darasa la sita, hakuna aliyeniuliza sababu, na mimi mwenyewe sikuwa nayo. Nilitaka tu kuona barabara inaishia wapi. Mpaka leo sijafika mwisho wake. Nimepakia magunia ya mpunga, nimeuza kava za simu, nimekaa miezi porini Ugalla nikimsaidia mtu kurina asali. Popote nilipofika, jioni nilitafuta uwanja wa mpira. Sichezi, miguu yangu haina akili hiyo. Natazama.

Mpanda ilinishika kwa sababu ya kutazama huko. Jioni moja pale Shanwe nilikuta timu ya mjini, iliyokuwa kwenye ligi ya mkoa, ikifanya mazoezi. Nikasimama karibu na mwalimu wao, mtu mfupi mwenye filimbi shingoni na kandambili miguuni. Nikamwambia bila kuulizwa, "Yule beki wako wa kushoto anaangalia nyuma kabla mpira haujamfikia. Wenzake wanaangalia nyuma wakishanyang'anywa."

Akanitazama kuanzia viatu kwenda juu. "Umecheza wapi?"

"Sijacheza."

"Umesomea ukocha?"

"Sijasomea chochote, mwalimu."

"Afadhali. Waliosomea wananisumbua."

Wiki iliyofuata akanipa kazi ya kuzunguka vijijini siku za mechi na kumwandikia chipukizi wanaofaa kikosi cha vijana, kile kinacholea wachezaji wa timu ya wakubwa. Akanipa nauli, daftari na onyo moja: "Usiniletee mpiga danadana. Wa hapa wananitosha."

Basi nikazunguka. Hakuna kazi niliyowahi kuipenda hivyo. Mtu analipiwa bodaboda aende kukodoa macho! Nilijitungia namna yangu ya kupima. Mchezaji akiwa na mpira simwangalii sana, maana hapo hata mvivu anachangamka. Namwangalia akishaupoteza. Wapo wanaosimama kushika kiuno na kumlaumu refa. Wapo wanaogeuka palepale kuufuata, na hao ndio niliowaandika. Niliangalia pia nani anarudi kumwinua mwenzake aliyeanguka, ingawa mwalimu aliniambia hilo nimpelekee padri.

Kiangazi kile kikosi cha vijana kilibakiwa na nafasi moja tu, ya straika, na usajili ulikuwa unafungwa mwisho wa wiki. Nikaenda Kasekese, ambako vijiji viwili vilikuwa na mechi baada ya mavuno. Nikakaa upande wa jua, mbali kidogo, ili nisijulikane nimefuata nini. Nikijulikana, kila mzazi ananiletea mwanawe.

Wenyeji walivaa njano. Namba tisa wao alinisimamisha nywele. Kipindi cha kwanza alifunga mawili, yote kwa kukimbia nyuma ya mabeki kama mtu anayekimbia mvua isimkute. Mapumziko nikaenda kutafuta muhogo wa kuchoma, nikachelewa kidogo kurudi. Kipindi cha pili namba tisa yuleyule akawa ametulia. Anashuka katikati, anapokea, anageuka, anagawa pasi ambazo hata wanaopewa hawakuzitegemea. Vumbi lilikuwa jingi, na vijana wa kule wengi wananyoa vipara. Nikaandika, kwa furaha kabisa: "Anafunga. Timu ikiongoza, anabadilika na kuutuliza mchezo. Ana vichwa viwili."

Filimbi ya mwisho ilipolia, jezi zilivuliwa palepale zikatumbukizwa kwenye kiroba zikafuliwe. Nikamfuata mzee aliyeshika kiroba. "Mzee, namtaka namba tisa."

"Yupi?"

Nikadhani anauliza wa timu gani. "Huyu wa kwenu, wa njano."

Akanionyesha kijana aliyekuwa akifunga kamba za viatu. Tukasalimiana, nikamwambia aje mjini keshokutwa kwa majaribio. Macho yakamtoka. Akajibu, "Sawa, kaka."

Alikuja na mama yake. Mama alikuwa mkulima, mwenye lafudhi ya Kirundi iliyozunguka kila neno lake, na alibeba mfuko wa nguo za mtoto kana kwamba nafasi imeshapatikana. Lakini akanivuta pembeni.

"Sikiliza mwanangu. Baba yake hataki. Nimemwombea siku mbili tu. Nyie mkimkataa, kesho tunarudi, anaingia kwenye tumbaku ya baba yake mkubwa, na viatu vile anavaa mdogo wake. Habari za mpira zimeisha."

"Hatakataliwa, mama," nikamwambia. Mdomo wangu siku zote unatangulia.

Mwalimu alimweka straika. Nusu saa ikapita. Kijana alipata nafasi tatu za wazi. Ya kwanza akampa kipa mikononi. Ya pili akasita mpaka beki akamfikia. Ya tatu, akiwa peke yake, alimtafuta mtu wa kumpasia! Mwalimu akafungua daftari langu, akasoma kwa sauti: "Anafunga." Akanitazama. Akageuza ukurasa, labda kijana anafunga kwenye ukurasa wa pili.

Walipokwenda kunywa maji nikamfuata kijana. "Mbona leo hivi? Yale mabao mawili ya juzi uliyafungaje?"

Akateremsha chupa. "Mabao yapi, kaka? Mimi juzi sikufunga."

"Wewe si ndiye namba tisa?"

"Wa kipindi cha pili. Jezi ile tunaivaa kwa zamu, mimi na jirani yangu. Yeye anacheza kipindi cha kwanza, mimi cha pili. Ndivyo tulivyokubaliana na mzee wa timu."

Nimekulia vijijini. Nimeona jezi ikivuliwa na huyu ikavaliwa na yule, imelowa jasho, mara zisizohesabika. Timu ina jezi kumi na moja, basi, anayeingia avae nini kingine? Na bado nikakaa upande wa jua nikatafuna muhogo na kumwandika mtu mmoja mwenye vichwa viwili.

Nikamtazama mama kule pembeni na mfuko wake. Ningenyamaza, kijana angeonekana mwongo wa kijijini aliyeshindwa, na mimi ningebaki na daftari langu. Nikaenda kwa mwalimu nikamweleza yote, mpaka muhogo.

Akafunga daftari. "Kwa hiyo nimekutuma straika, umeniletea nusu."

"Ndiyo, mwalimu."

"Tena nusu isiyofunga."

"Ndiyo. Lakini mjaribu katikati. Kosa ni langu, yeye hakudanganya mtu."

"Nafasi niliyonayo ni ya straika."

"Najua."

Akapuliza filimbi kwa hasira, nikajua imekwisha. Kumbe alikuwa anawapanga upya. Akamrudisha kijana katikati ya uwanja. Pasi ya kwanza ikapotea, mama akaweka mfuko chini. Ya pili ikapita kati ya watu watatu ikamkuta winga mguuni. Kisha kijana akasahau kwamba anatazamwa, akaanza kugawa mpira kama anayegawa chakula nyumbani kwao, kila mmoja na sahani yake. Kiungo wa siku zote wa timu ile alisimama kumwangalia, na hilo ndilo lililomwuma mwalimu zaidi.

"We kiungo! Umelipa kiingilio?" akamfokea. Halafu akaniambia polepole, "Fomu iko kwenye begi langu. Mwambie mama aje aweke sahihi. Straika nitamtafuta msimu ujao."

Mama hakushangilia. Aliuliza atalala wapi, nani anapika, na kama Jumapili ataachiwa aende kanisani. Alipojibiwa yote ndipo akamkabidhi mwanawe mfuko.

Kesho yake nilirudi Kasekese. Hakuna aliyenituma. Nilimkuta yule mwingine, mwenye mabao, amekaa nje ya nyumba yao akipukuchua mahindi. Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kazi.

"Kwa hiyo mabao yangu ndiyo yaliyompeleka mjini?"

"Ndiyo."

"Na mimi?"

"Fomu ilikuwa moja. Usajili umefungwa."

Akatupa gunzi kwenye rundo. "Yule jamaa ana pasi," akasema. "Hatujawahi kucheza pamoja hata siku moja." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiyetaka kukasirika mbele ya mgeni. "Mechi yetu ijayo ni Jumamosi. Sasa nitacheza vipindi vyote viwili. Utakuja?"

Mimi huwa simwahidi mtu Jumamosi, sijui nitakuwa wapi. Nikamwambia nitakuja, nikavuta kigoda, nikachukua hindi.