Sala Zilizofungiwa Viazi

Juzi mzee mmoja wa kanisa letu alinijia nyumbani Bondeni na kikapu mkononi. Mzee kwa cheo tu, kwa umri ni kijana, na ana adabu, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Akasema vitabu vipya vya sala vimekuja, na ukutani itatundikwa skrini ya kuonyesha maneno, basi vya zamani vikusanywe. Nikamuuliza, "Mkishavikusanya, vyendapi?" Akajibu, "Vitahifadhiwa, nyanya." Nikamwambia anywe chai yake aende zake. Changu hakutoka nacho.

Si kwamba nachukia vipya. Ni neno hilo. Nililisikia nikiwa na miaka kumi, na tangu hapo mtu akiniambia kitu kitahifadhiwa, mimi humtazama mikono.

Mama yangu alikuwa akichambua kahawa kwenye magodauni ya Shimanzi, akitoka alfajiri na kurudi amechoka, kwa hiyo aliyenilea hasa ni nyanya yangu. Nyanya alikuwa mfagiaji wa kanisa. Shingoni, kwenye uzi mweusi, alivaa ufunguo wa kabati la vitabu vya sala. Hakujua kusoma hata jina lake, lakini vitabu vile alivijua kama mtu ajuavyo kuku wake: hiki kimeng'atwa na panya, hiki kimedondokewa na nta, hiki ndicho alichokishika siku anamzika mumewe. Hewa ya bahari, nawe wajua, huozesha kila kitu. Basi kila mwezi tulivitoa vyote, tukavianika kwenye mkeka uani, vimefunguka katikati, na kazi yangu ilikuwa kukaa juani nikipindua kurasa. Kisha alitia kafuri kabatini. Ukifungua kitabu wakati wa ibada, harufu ilikupanda puani mpaka machozi yakutoke. Watu wakidhani wewe watubu.

Jirani yetu, ukuta kwa ukuta, alikuwa mama wa Kiislamu aliyekaanga viazi vya karai kibarazani kwake kila alasiri. Mpaka leo naisikia sauti ya viazi vikiingia kwenye mafuta, na chatne yake ya ukwaju sijaipata pengine. Yeye na nyanya waliitana shoga, na waliteta kila siku ya Mungu, juu ya maji, juu ya moshi, juu ya kuku wa nani amekula mchele wa nani.

Ukaja mwaka wa vitabu vipya, kama sasa. Mwalimu wa dini, yule aliyetufunza kwa ajili ya kipaimara, akasimama mbele akasema vya zamani vitahifadhiwa. Vikatiwa magunia mawili, vikawekwa kabatini, nyanya akafunga. Majuma machache baadaye kasisi akafungua. Kabati tupu, kufuli zima. Na ufunguo uko shingoni kwa nani?

Nyanya alisema mara moja tu kwamba mwalimu aliuazima ufunguo siku moja. Mwalimu akasema hakumbuki. Hakuna aliyemwita nyanya mwizi, na ingekuwa afadhali wangemwita. Wanawake waliozoea kumpa mkono wakawa wanashika mikoba yao akipita. Kasisi akampa mpaka Jumapili aeleze vilikokwenda, la sivyo aache kazi.

Alhamisi alasiri nilinunua viazi kwa jirani, nikavimaliza nimesimama, nikabaki na karatasi iliyolowa mafuta. Nilikuwa darasa la tatu, nalo ndilo lililokuwa la mwisho kwangu, lakini kusoma nilijua. Nikaisoma. Ilikuwa sala ya maziko.

Nikakimbia nayo kwa nyanya. Hakuniuliza imeandikwa nini. Aliinusa. Chini ya mafuta na ukwaju, kafuri ilikuwemo.

Akatoka bila viatu. "Shoga! Karatasi hizi wazipata wapi?"

"Za dukani. Kwani zina nini?"

"Kumbe ndiwe wanila huku wanichekea!"

"Nikule wewe, kwani samaki wamekwisha sokoni? Tazama mifupa yenyewe hiyo!"

Nyanya akaniamuru nisome. Jirani alijua kusoma vizuri sana, lakini herufi za Kiarabu. Hizi zetu kwake zilikuwa mikwaruzo mitupu. Nilipofika penye jina la Mungu, upawa ulimponyoka ukazama kwenye karai.

"Astaghafirullahi! Jina la Mungu nimelifungia viazi? Na wewe mtoto, umekula siku zote hizi na macho yako mawili, usiseme?"

Akazima moto na wateja wamesimama. Akakusanya kila karatasi, hata zilizokwisha kulowa, akazifunga kwenye kitambaa cheupe, maana kwao karatasi yenye jina hilo haitupwi. Kisha akavaa buibui, tukaenda dukani watatu. Mwenye duka hakuficha: ameuziwa na mwalimu wenu, magunia mawili, na alisema amepewa ruhusa.

Jumapili, ibada ilipokwisha, nyanya alikiweka kile kitita mbele ya kasisi, akaeleza. Mwalimu akasema mwenye duka amemfananisha, na kwamba hawa wanawake wawili wamepanga. Hapo sauti ikatoka mlangoni. Jirani yetu, ambaye maishani mwake hajakanyaga kanisa, alikuwa amesimama nje, vidole vya miguu vikiishia pale kizingiti kinapoanza.

"Niwieni radhi, mimi si wa humu. Lakini karatasi hizo nimezinunua mimi, na muuzaji amemtaja huyo mwenye miwani. Kama ni kuapa, na aape kwa kitabu chake, nami niape kwa changu."

Mwalimu akatazama viatu vyake. Hakuapa.

Nyanya hakufukuzwa. Ila ufunguo alivuliwa, kuepusha maneno, kama walivyosema, ukapewa mtu mwingine. Mwalimu aliendelea kutufunza, na siku ya kipaimara ndiye aliyetupanga mstari. Jumapili baada ya Jumapili niliwasikia watu wazima wakisoma ungamo pamoja kwa sauti kubwa, na yule aliyepaswa kulisema peke yake amejificha katikati ya sauti zao.

Kitita chenyewe nyanya hakukubali kukiacha pale. Alikirudisha nyumbani, na wao wawili wakakizika uani, baina ya nyumba zetu, kisha wakateta ni nani aliyechimba kidogo.

Nikinunua viazi kule ufukweni Mama Ngina siku hizi, huifungua karatasi nikaisoma kwanza. Wajukuu hunicheka. Mara nyingi ni mitihani ya watoto wa shule, au barua za ofisi ya mtu. Na wacheke.

Nyumba zile mbili hazipo. Pamesimama ghorofa ninamokaa sasa, ua umemwagwa saruji, na waliochimba msingi sikuwauliza walikuta nini. Moshi hakuna, kuku hakuna, wa kuteta naye hakuna. Majirani nawajua kwa milio ya milango yao tu. Juu ya geti wametundika kamera, nayo hunitazama kila nipitapo pale. Yaniona vizuri sana. Lakini siku nikisingiziwa, haitazima moto wake ikaja kunisimamia.