Adui wa Kelele

Fundi wa antena kubwa ya kusikilizia mawimbi ya angani huingia kazini akiburuta malapa ya manyoya, mkononi ana kifaa cha kunasa mawimbi kinacholia kama kifaranga. Kila asubuhi hukusanya simu za watafiti, zisiivuruge antena kwa mawimbi yake, na kuzitia kwenye kopo la bati, kisha huupigapiga mfuniko kwa vidole vyake vifupi kama anayebembeleza mtoto alale. Mpishi alishanyang'anywa hata jiko la mawimbi la kupashia chakula, na tangu hapo wote hula wali wa baridi. Leo Orihara, mwanafunzi aliyepewa siku moja tu ya kutumia antena, anatafuta mawimbi ya mvuke wa maji unaozunguka shimo jeusi katika galaksi ya mbali. Kwenye mstari wa mawimbi katika skrini pameota kinundu kikubwa kupita kiasi.

"Hayo si mawimbi ya maji, binti, ni ya kifaa cha mtu humu ndani!" fundi akafoka. "Nani kaficha kitu?" Akapekua kila mfuko, na kila alikokwenda kifaa kikalia. "Nacho kimezeeka," akakizaba kofi.

"Fundi," Orihara akauliza taratibu, "mbona koti lako limevimba?"

Akafungua zipu polepole. Ndani mlikuwa na fulana ya umeme ya kupasha mwili joto, inayowashwa kwa rimoti, taa yake ikimetameta. "Mke wangu kanivalisha," akanong'ona. "Si mnaiona theluji?"

"Koponi, mzee!" mpishi akapaza sauti kutoka jikoni.

Akaikunja, akaitia koponi, kisha akageukia dirishani na kuinama hadi kiunoni, akiiomba radhi antena iliyosimama nje, si wao. Kinundu kikatoweka. Mahali pake pakabaki mwinuko mwembamba, wa maji kweli, na Orihara akaziba mdomo asipige kelele.

"Kimya!" fundi akaamuru, meno yakimgongana kushinda sauti zote mle chumbani.