Hedifoni za Kumsikia Mjukuu

Mwaka wenyewe usiniulize kwa tarehe. Ni ule ambao Krismasi tulikula chapati na nyama ya mbuzi, na mwaka mpya ukatukuta tunakula ugali kwa chumvi. Kura ilikuwa imepita hapo katikati, na fujo nyuma yake. Kabichi ikipatikana ilichemshwa bila mafuta, na aliyekuwa na kitunguu alikikaanga mlango umefungwa, harufu isije ikamchongea.

Moshi wa nyumba zinazochomwa ulipokaribia mlango wangu mtaani Laini Saba, nilitorokea kwa binti yangu Kawangware. Watu wenye akili walitoroka na godoro. Mimi niliacha sufuria zote, nikabeba redio ya kaseti na kaseti moja ndani yake. Binti yangu aliniangalia mlangoni akauliza, "Mama, hiyo ndiyo tutapika?"

Lakini kaseti ile ilikuwa na mjukuu wangu. Alikuwa kwetu Kitui kwa shangazi yake, na kwaya ya kanisa la huko ilikuwa imemrekodi akianzisha wimbo. Ana sauti, mtoto huyo! Akifungua mdomo, wazee wanavua kofia kabla hawajaambiwa tuombe. Sauti ameitoa kwangu, ingawa sijapata mtu wa kukubaliana nami. Barabara hazikupitika siku hizo. Kumsikia kulikuwa kwa kaseti tu.

Shida ni kwamba anaimba Kikamba. Watu walikuwa wanafukuzwa nyumba kwa sababu ya lugha, na kwenye ploti ya vyumba alikopanga binti yangu hakuna aliyejua sisi ni wa wapi, hata vijana waliojipa kazi ya kulinda geti. Kila mtu aliongea Kiswahili. Akina mama waligombeza watoto kwa Kiswahili, waliomba Mungu kwa Kiswahili, hata kuku walifukuzwa kwa Kiswahili. Kufungulia redio yangu kungekuwa kama kubandika kitambulisho cha binti yangu mlangoni.

Basi vibanda vilipoanza kufungua nusu mlango, nilibeba redio yangu nikaenda kwa kijana mmoja anayetengeneza simu na redio karibu na soko.

"Niaje, shosho," akanisalimu kama nyanya yake. "Ni chaja?"

"Chaja ya nini? Nataka hedifoni, zile ndogo za kuingia ndani ya sikio. Za bei ya chini, na zisiwe takataka."

"Kwani unaskiza ngoma gani?"

Swali hilo lilinivimbisha kichwa. Nikamweleza kama mtaalamu: upande mmoja ni kwaya, upande wa pili ni benga ya marehemu mzee wangu.

Za kwanza zilikuwa nyeusi, nene. "Hizi ziko na besi, zinagonga mpaka kwa roho," akasema. Kwa benga, kweli, gitaa lilitembea kichwani mwangu kama mzee amerudi amelewa. Kwa kwaya, ngoma ilimkalia mjukuu wangu juu, akawa kama mtu anaimba ndani ya pipa. Nikazirudisha. Akazifuta kwa shati lake, akiangalia alichokifuta kwa huzuni.

Za pili zilikuwa nyeupe, plastiki tupu. Sauti za wanawake zilikuwa safi, lakini gitaa likawa mbu. Halafu nikaona kijana anatingisha kichwa kwa mdundo.

"Unasikia?"

"Zote, shosho. Hizo zinavuja."

Nilizing'oa kama zimeniuma.

Za tatu zilikuwa na vimpira laini mwishoni. "Hizi zinafunga sikio ndii. Mwingine haskii kitu. Lakini hata wewe hutaskia mtu."

"Kwani kuna mtu nataka kumsikia?"

Ngoma ilikaa chini, sauti ikakaa juu. Nilisikia hata mjukuu wangu akivuta pumzi kabla ya kuanza. Nikapangusa macho, nikasingizia vumbi. Halafu nikamkata yule kijana bei mpaka akaniuliza kama nataka na kibanda.

Jioni, ploti imejaa watu wanapika, nikaketi kitandani, nikaweka vimpira vyangu, nikajiona mjanja kuliko serikali. Shule niliiacha mapema, na jambo moja hawakuwa wamenifundisha: ukiziba masikio kwa muziki, hujisikii. Mjukuu akaanzisha, kwaya ikaitikia, nami mwanakwaya wa zamani nikaitikia. Naapa nilidhani ni moyoni. Naambiwa niliimba Kikamba ubeti wote, na vigelegele juu.

Binti yangu aliingia mbio akavuta waya. "Mama! Unaimba!"

Nje, sufuria zote zilikuwa zimenyamaza. Nyuma yake alisimama jirani wa mlango wa pili, mama mmoja wa kutoka magharibi mwa nchi, mwiko wa ugali mkononi.

"Nyanya," akasema polepole, "sauti yako ni mbaya sana."

"Najua," nikasema. Sikuwa najua.

"Na sasa ploti nzima inajua mmetoka wapi. Mimi sina neno na nyinyi. Lakini vijana wa getini wanakuja kuuliza. Hiyo kaseti itupeni chooni."

Binti yangu alikuwa tayari amenyoosha mkono. "Lete, Mama. Wakitufukuza hapa, tutalala wapi?"

Alisema kweli. Mimi ndiye niliyenunua siri nikaipigia vigelegele. Nikatoa kaseti kwenye redio, nikaiweka kitandani, nikaikalia. Na mimi si mtu wa kuinuliwa na watu wawili.

"Mjukuu wangu simtupi chooni."

Viatu vikasikika. Jirani akatoka na mwiko wake, akavuta mlango nyuma yake.

"Nani alikuwa anaimba hapa?" sauti ya kijana ikauliza.

"Kuimba? Hiyo ni redio ya nyanya imeharibika, inatafuta stesheni. Wewe unafikiri binadamu anaweza kutoa sauti kama ile?"

Wakacheka. Wakakubali, tena haraka mno, hawakubishana hata kidogo. Viatu vikarudi getini.

Binti yangu alinyoosha mkono tena, machozi yakimfika kidevuni. "Leo wameamini. Na kesho? Lete niitupe, Mama, nakuomba."

"Mjukuu wangu simtupi chooni."