Taram-taram ya Thelma Ormerod

Jamani, ukumbi mzima uliitikia! Watoto, mabibi, hadi baba mmoja aliyekuwa anasinzia na koti lake mapajani, wote waliimba taram-taram na Thelma Ormerod, alasiri ya onyesho la kwanza la mchezo wa Krismasi pale Accrington, mji mdogo kaskazini mwa Uingereza. Lakini ngoja turudi mwanzo, maana bila mwanzo hutaelewa kwa nini rafiki yake Desmond alilia mpaka wanja ukamfika kidevuni.

Thelma ni mtoto wa Accrington. Mama yake alifanya kazi kiwanda cha pamba, na yeye ilikuwa amfuate hukohuko. Siku moja, bado binti, akatumwa kupeleka pai za nyama na viazi kule ukumbini. Akakuta pazia limefunguliwa, viti vyote vitupu, na taa moja tu inawaka katikati ya jukwaa. Akasimama hapo mpaka pai zikapoa. Anasema ilikuwa kama ukumbi umevuta pumzi, unasubiri aseme kitu. Hakusema. Ila kesho yake alirudi kuomba kazi ya kufagia.

Kutoka kufagia akapewa kuigiza mjakazi wa kuingia na trei. Wiki hii mjakazi, wiki ijayo nesi, wiki nyingine maiti nyuma ya kochi, na hata umaiti aliufanya kwa roho moja. Halafu London, halafu filamu. Kwenye filamu yeye alikuwa yule mtu aliye nyuma ya mtu. Kuna moja kubwa alipewa na maneno kabisa, akatangaza mtaa mzima. Walipoenda kuiona, uso wake ulikuwa umekatwa kwenye picha. Kilichobaki ni mkono unamimina chai. Mama yake akasema mle gizani, kwa sauti, watu wote wasikie, "Ule mkono ni wa mwanangu."

Mpaka leo filamu ile ikirudi kwenye televisheni, Jumapili ya mvua, Thelma anakaa na kikombe chake anautazama ule mkono. Laini, hauna hata mkunjo mmoja, unamimina chai isiyoisha. Wala hasikii uchungu. Anautazama kama unavyotazama dirisha la nyumba uliyowahi kuishi, ukaona wenyewe wapya wamewasha taa.

Uzeeni akarudi kwao, na kila Krismasi akawa ndiye bibi wa nyota, yule mwenye mabawa na fimbo inayometa, anayefunga mchezo kwa shairi. Shida ni kwamba maneno yalianza kumtoroka. Mwaka jana alikwama katikati ya jukwaa, kimya, akatabasamu tu kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni. Aliyemwokoa ni Desmond Pickup, rafiki yake wa miaka yote, mwanaume mzima mwenye kitambi anayeigiza mama mpishi na sketi yake ya maua.

Mwaka huu Tamsin, mwongozaji, binti mpole tu, akamkalisha chini.

"Thelma, mpenzi, ukikwama tena, mwaka kesho nitatafuta mwingine. Bora nikwambie mapema."

"Heri umesema," Thelma akajibu, akaendelea na chai yake. Ila kikombe kilikuwa kinagonga sahani.

Sasa hapa ndipo penye mambo. Kwa watu wa jukwaani kule, mstari wa mwisho wa mchezo wa Krismasi hausemwi mazoezini. Katu. Ukiusema viti vikiwa vitupu, umeumaliza mchezo kabla haujaanza, ni nuksi. Kwa hiyo mazoezi yote Thelma alisema shairi lake vizuri, akifika mstari wa mwisho anatia "taram-taram-taramu" basi. Na Tamsin atajuaje kama mstari bado umo kichwani?

"Useme mara moja tu," Tamsin akaomba. "Hata kwa kunong'ona."

Watu wote wa mazoezini wakamgeukia.

"Mwanangu," Desmond akasema, "rudia hilo ombi nivue hii sketi niende zangu kwa dada yangu Blackpool."

"Hakuna atakayekuzuia, sketi yenyewe inakubana," Thelma akamwambia.

"Kwani hata nyumbani huusemi?" Tamsin akauliza.

"Hata bafuni, mpenzi."

Ni kweli. Alikuwa akitembea kando ya mfereji asubuhi, ukungu umelala juu ya maji, anausikia mstari unakuja, unakuja, unagusa midomo kwa ndani. Anafunga mdomo. Unarudi ulikotoka. Na kila siku aliona kama unarudi mbali zaidi.

Siku ikafika. Ukumbi umejaa, theluji ya karatasi inashuka taratibu. Thelma akasogea mbele, mabawa yanapepea, akainua fimbo.

"Taa zetu zinazimwa, kuna baridi njiani..."

Mdomo ukafuata ulichozoeshwa.

"Taram-taram-taramu."

Kule nyuma Tamsin akajifunika uso. Thelma mwenyewe amesimama, fimbo juu, mstari haupo.

Lakini michezo ile ya Krismasi ina desturi yake, jukwaa likisema ukumbi hujibu. Wakadhani ndivyo ilivyo. Viti vya mbele vikaitikia, "Taram-taram-taramu!" Desmond akadaka hapohapo, mikono kiunoni, "Huko juu mmelala? Sijawasikia mie!" Wakarudia wote, paa likatikisika.

Halafu wakanyamaza, wakavuta pumzi pamoja, wanasubiri. Na Thelma akaijua pumzi ile. Ni ileile ya siku ya pai. Akaangalia mkono wake ulioshika fimbo, umejaa mikunjo sasa, umetulia tuli, na maneno yakatoka kama chai kwenye birika:

"Mkifika mlangoni, mkute moto nyumbani."

Pazia likashuka. Desmond hapo hoi, wanja unamwagika. Tamsin akaja mbio.

"Ile taram-taram," akasema, "inabaki. Kila onyesho."

"Na mwaka kesho?" Thelma akauliza.

"Mwaka kesho nani mwingine ataiweza?"

Thelma akavua mabawa, akayaning'iniza kwenye msumari wake, akauliza nani ana pai.

Ukimaliza kusoma, mtumie na mwenzako naye aisome.