Dada yangu ana usonji na miaka 34, ofisini wakaniuliza mtoto yuko wapi

Mwangaluka wakuu.

Haya nimeyaona kwa macho yangu, chumvi sijaongeza. Yenyewe imekolea.

Dada yangu Minza ana miaka 34 na ana usonji. Akikuzoea mnaongea vizuri, ila kelele zinamuumiza kama jino bovu.

Kwa kuchambua pamba hana mpinzani pale kwetu Mwamanyili. Safi huku, fifi, yaani ile chafu, kule, hakosei. Ila vituo vya kununulia pamba vilimkataa, eti hasalimii watu na akizidiwa anaziba masikio.

Nikaona tutafute support. Tukaenda Bariadi mjini, ofisi inayohusika na wenye ulemavu.

Afisa akanitazama mimi. "Mtoto yuko wapi?"

Nikamwonyesha dada. Akamkagua kuanzia kichwani hadi kwenye ndala.

"Huyu mbona mzima? Ulemavu wake uko wapi?"

Fomu nayo ikauliza mtoto yuko darasa la ngapi. Nikajaza la saba, maana ndipo alipoishia zamani hizo. Afisa akaridhika kabisa.

Tukaalikwa semina ya uelewa wa usonji. Wakuu, walifunga spika kubwa kama kabati, na MC juu. Watu wasiovumilia kelele wameitiwa disko.

Minza akatoka, akajikunyata nyuma ya choo. Mpiga picha akamfuata hukohuko, anatafuta picha ya ripoti.

Wiki nzima hakuongea na mtu, hata mama. Hapo sikucheka. Mimi ndiye niliyempeleka.

Ila haki niiseme. Kuna nesi mmoja, mtu wa Malampaka, tulimkuta zahanati. Alizima redio, akavuta kiti.

"Dada Minza, wewe mwenyewe unataka nini?"

Nikafungua mdomo nimjibie. Nesi akaninyooshea mkono ninyamaze. Akamsubiri Minza.

"Kazi," Minza akasema. "Nikae mbali na matrekta."

Nesi akampigia karani wa kituo cha pamba, wakaelewana. Msimu ule dada alichambua pamba za watu zilizorudishwa kwa uchafu, nyuma ya ghala, peke yake. Jioni alikuwa anarudi anaimba.

Kisha nesi akahamishwa, karani naye akabadilishwa. Karani mpya anataka barua ya ofisi. Ofisi inasema huduma ni za watoto. Kwa sasa Minza yuko nyumbani.

Nilichojifunza: huku kwetu huduma ni bahati ya nani umemkuta zamu. Na kabla ya kumsemea ndugu yako, muulize. Mimi miaka yote hiyo sikuwahi.

Mwenye ndugu mtu mzima kama huyu, Maswa, Meatu, popote, ulisaidiwa wapi? Tupeane njia hapa.

Wale wa kunitumia PM namba za waganga, mtulie. Tulishaenda. Mganga aliagiza mbuzi mweusi ili dada awe mtu mwingine.

Minza akamuuliza, "Na mimi nitakuwa nimeenda wapi?"

Tukaondoka na mbuzi wetu.